Saba Ni Yangu

Kuna watu ukiwakuta wameangukiwa na ukuta ukawauliza habari, watakujibu nzuri. Euphrasia alikuwa mmoja wao, na usimcheke, maana huenda na wewe ni mmoja wao. Hata msiba tunautangaza hivyo hivyo: habari za nyumbani, nzuri tu, ila baba ametutoka jana. Ndivyo tulivyolelewa. Kwanza unampokea mtu, mabaya yanafuata akishakaa. Sasa huo ustaarabu wetu, mzuri kama ulivyo, nusura umnyang'anye daktari leseni yake kabisa na umwache Euphrasia sakafuni.

Nasema sakafuni kwa sababu ndiko alikokuwa. Alikuwa mlezi katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule ughaibuni, Silver Spring. Siku moja mzee mnene aliteleza bafuni, na Euphrasia, badala ya kumwacha ashuke chini taratibu kama walivyofundishwa, akamdaka. Mzee akapona. Mgongo wa Euphrasia ukaharibika. Akapasuliwa, akapasuliwa tena, na baada ya hapo akawa analala kwenye zulia la sebuleni, kwani kitandani hakukuwa na upande usiomchoma. Mumewe, Dunstan, alikuwa dereva wa ubalozi, mtu wa suti na viatu vinavyong'aa, na kila asubuhi alipiga magoti na suti yake kumvalisha mkewe soksi. Hakulalamika hata siku moja. Aliyelia ni Euphrasia, mlango ukishafungwa.

Aliyemwinua pale chini ni daktari Aketch, mwanamke wa Kijaluo, mrefu, asiye na haraka, mwenye kliniki ya maumivu Langley Park, juu ya duka la simu. Wagonjwa wake walikuwa wapaka rangi, wasafisha hoteli, wabeba samani na walezi kama Euphrasia, watu ambao miili yao ndiyo ilikuwa mtaji. Alikuwa na namna yake ya kutibu. Alisimama dirishani akakuangalia unavyoshuka kwenye basi. Akaangalia ni mkono upi unaoshika kiti kabla hujakaa, na kama unainama kuvua kiatu au unakisukuma kwa kiatu kingine. Ukifika mezani kwake alikuwa ameshajua nusu ya yaliyokuleta. Alimwanzishia Euphrasia vidonge vya mofini, dawa kali ya maumivu, kidogo kidogo, akampa na mazoezi ya mgongo, na kabla mwaka haujaisha Euphrasia alikuwa anasimama, anapika, na anamtunza bibi mmoja mwepesi nyumbani kwake. Soksi akawa anavaa mwenyewe.

Lakini kwenye dirisha la mapokezi alikaa Chelagat, Mkalenjin wa Bomet mwenye kicheko kikubwa, na kazi yake ilikuwa kumuuliza kila mgonjwa namba. Ukutani palikuwa na mchoro wa sura, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia. Sifuri huna maumivu. Kumi ni maumivu mabaya kuliko yote unayoweza kuyafikiria.

Siku ya kwanza Euphrasia aliitazama ile sura ya kumi akamkumbuka shangazi yake Domina. Shangazi alikufa kwa kansa ya kizazi kule kijijini kwao Kamachumu, kwenye chumba chenye harufu ya majani mabichi, akiwa hana dawa yoyote zaidi ya panado, na kelele zake ziliwafukuza ndege kwenye migomba. Hiyo ndiyo kumi. Sasa yeye aliyekuja kwa miguu yake na hereni masikioni aseme ngapi?

"Mbili," alisema.

Chelagat akamwangalia juu ya miwani. "Wewe, mbili kweli?"

"Mbili, dada. Namshukuru Mungu."

Akaandika mbili. Mwezi uliofuata mbili, na mwingine mbili. Daktari akimuuliza hali, sijambo, daktari. Na daktari Aketch, aliyeona kila kitu, alitibu alichokiona lakini faili aliliandika kwa maneno ya mgonjwa: anasema hajambo. Heshima hiyo. Nani angedhani kwamba heshima ingegeuka kuwa ushahidi wa mashtaka?

Miaka hiyo jimbo lilikuwa limeshtuka. Vijana walikuwa wanakufa kwa vidonge vya maumivu, na kweli palikuwa na kliniki ambazo ni vijiwe tu: unalipa mlangoni, unatoka na cheti cha dawa, mgongo wako hakuna aliyeuona. Kuvifunga vijiwe hivyo ni haki kabisa, na anayevitetea alaaniwe. Lakini ufagio wa serikali ukishaanza kufagia hauangalii takataka ni ipi na shilingi iliyoanguka ni ipi. Machi mwaka 2007 wakaguzi walipanda ngazi za Langley Park, wakapakia mafaili kwenye maboksi, na kabla wiki haijaisha leseni ya daktari Aketch ikasimamishwa mpaka bodi ya madaktari ya jimbo imsikilize.

Euphrasia alilijua hilo kwenye duka la dawa. Mfamasia, kijana mpole, alimrudishia cheti bila kumtazama machoni. Alisema hawaruhusiwi tena kupokea saini hiyo. Euphrasia akapiga simu kwa madaktari wengine. Kila mmoja alimuuliza swali lile lile, ulikuwa unatibiwa wapi, na akishataja Langley Park nafasi zote zilikuwa zimejaa. Nyumbani alikuwa na chupa moja iliyobaki. Alijua vizuri kinachomngoja ikiisha. Lile zulia lilikuwa bado liko pale sebuleni.

Wakili wa daktari alimwita ofisini kwake, na Chelagat akaenda naye.

"Faili lako ndilo wameliweka la kwanza," wakili alisema. "Wanauliza hivi: mtu anayesema maumivu yake ni mbili, mwezi baada ya mwezi, anapewaje mofini? Kama hiyo siyo biashara ya vidonge, ni nini?"

Euphrasia aliona aibu kwanza, aibu ya kumfunga mtu aliyemfungua. Halafu hasira ikapanda juu ya aibu ikaifunika. Wakaguzi hawakuwahi kumwona akivalishwa soksi, wakasoma tarakimu moja wakajiona wamejua kila kitu.

"Kwa hiyo mimi ndiye nimemponza," alisema.

"Si wewe peke yako," alisema Chelagat. "Mimi nilikuwa naandika, na nilikuwa naona vile unashikilia meza. Kwetu msichana akilia kwa kisu cha tohara, aibu inabaki kwa ukoo mzima. Ningekuuliza aje mara ya pili? Hata mimi ningesema mbili."

Wakili alitaka aje kutoa ushahidi. Alikuwa na ushauri pia. Aje na fimbo. Asivae vizuri sana. Asubuhi hiyo aruke dawa, ili wajumbe waone kwa macho yao.

"Nije kuigiza?" Euphrasia aliuliza.

"Uje uwasaidie waelewe."

"Nimesema uongo wa kupunguza miaka yote hii, na tazama umetufikisha wapi. Sitaanza wa kuongeza."

Dunstan hakutaka aende kabisa. Jumapili baada ya misa, wakiwa mezani na ndizi zinapoa, alisema maneno yake yote kwa mkupuo mmoja. Ubalozini watu wanasikia. Parokiani watu wanasikia zaidi. Jina lake litaandikwa kwenye kesi ya madawa, na kesho watasema mke wa Dunstan ni teja.

"Wamwachie daktari apigane mwenyewe," alisema. "Ana wakili. Sisi wageni hapa."

"Mgongo si mgeni hapa, Dunstan. Umevunjikia hapa hapa, nikimbeba baba wa mtu wa hapa."

"Nakulinda, mke wangu."

"Najua. Lakini ukiogopa wataniita teja, na mimi nikiogopa wataniita mlalamishi, nani atasema huyu mama anaumwa? Nitaenda. Ukitaka unipeleke, ukitaka nipande basi."

Dunstan aliinamia sahani yake. Siku ya kikao alimpeleka, tena kwa suti.

Kikao kilikuwa kwenye jengo la jimbo, katika chumba chenye meza ndefu na mashine ya kahawa inayokoroma pembeni. Euphrasia alivaa gauni la kitenge la Pasaka na hereni zake za dhahabu. Dawa yake aliimeza asubuhi kama kila siku. Walimtafutia mkalimani akamkataa kwa adabu, maana Kiingereza chake kilitosha kuwanawisha wazee wao na kuwazika. Daktari Aketch alikuwa amekaa peke yake upande wa pili, mikono juu ya magoti, amekonda. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mwanamke mzee, naye daktari, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni.

Wakili wa daktari alimuuliza Euphrasia mambo ya ajali na upasuaji, akajibu vizuri. Kisha akasimama wakili wa jimbo, kijana nadhifu, mwenye adabu zake. Alilifungua faili, akalifunga, akatabasamu.

"Habari za asubuhi, mama. Unajisikiaje leo?"

Kinywa kikajibu chenyewe. "Nzuri, asante. Na wewe je?"

Naam, ndivyo alivyojibu. Mbele ya bodi nzima, baada ya hasira yote ile, baada ya kumkatalia mume na wakili, mwanamke akasema nzuri. Chelagat, kiti cha nyuma, alijiziba uso kwa mkoba. Daktari Aketch alifumba macho.

Kijana aliwageukia wajumbe. "Sina swali jingine," alisema. "Nadhani wote tumesikia. Shahidi anaweza kushuka."

Euphrasia alisikia uso wote ukimwaka. Aliona jinsi mtego ulivyo mdogo, na kwamba huyu kijana hakuhitaji hata kuutega, aliukuta umeshategwa tangu Kamachumu. Akashika mikono ya kiti. Hakuinuka.

"Sishuki," alisema.

"Mama," alisema mwenyekiti, "wakili amemaliza."

"Yeye amemaliza. Mimi sijaanza." Akamgeukia mwenyekiti. "Kwetu mtu akikuuliza habari, unamjibu nzuri. Hata kama nyumba inaungua. Hiyo ni kumfungulia mlango. Akishaingia, akakaa, ndipo unamwambia habari yenyewe. Huyu kijana nimemfungulia mlango, ameshapata alichotaka, anaondoka. Na si yeye tu. Nimekaa nchi hii miaka mingi, naulizwa habari kila siku, dukani, kazini, kwenye lifti. Sijaona mtu akisubiri jibu."

Wakili wa jimbo alifungua kinywa kupinga. Mwenyekiti alivaa miwani yake akamwonyesha akae.

"Nimekaa, mama," alisema. "Nasubiri. Unaumwa kiasi gani?"

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu, ngumu kuliko kukataa kushuka. Ni rahisi kugomba. Kusema unaumwa, mbele ya watu usiowajua, na mumeo amekaa pale na suti yake, ni kama kuvua nguo. Euphrasia alimtazama Dunstan. Dunstan alikuwa anamtazama pia, bila kupepesa.

"Nilikuwa na shangazi," alisema. "Domina. Alikufa kwa kansa bila dawa, na sisi watoto tulikuwa tunaziba masikio. Daktari aliponionyesha zile sura ukutani, niliona kumi ni ya shangazi yangu. Hata leo siwezi kumnyang'anya. Lakini saba ni yangu. Saba ni kila siku nikiamka, kabla ya dawa. Nikishameza inakuwa nne, nami naishi na nne, nafanya nayo kazi. Niliwaambia mbili kwa sababu niliona haya. Daktari hakunidanganya wala hakuwadanganya ninyi. Mwongo ni mimi."

"Lakini mama," alisema kijana, safari hii taratibu, "umesimama ulipoapa. Umependeza. Unafanya kazi. Mtu wa saba anafanyaje hayo yote?"

"Kwa kutibiwa. Ukimkuta mtu mkavu chini ya mwamvuli, utamnyang'anya mwamvuli kwa sababu hajalowa?"

Kijana akaketi.

"Chupa yangu inakaribia kuisha," Euphrasia aliendelea. "Ikiisha narudi kwenye zulia, na mume wangu yule pale atarudi kunivalisha soksi. Mkitaka ushahidi, karibuni nyumbani. Mtanikuta sakafuni. Mtaniuliza habari, na mimi nitawajibu nzuri, maana sikulelewa kuwafukuza wageni. Lakini safari hii mtakuwa mnajua."

Kisha akashuka, kwa wakati wake mwenyewe, mkono ukishika meza mahali pale pale ambapo daktari Aketch angeutazama.

Mwenyekiti alimgeukia daktari. "Uliona saba. Kwa nini faili linasema mbili?"

"Kwa sababu ndicho alichosema," alijibu daktari Aketch. "Sikutaka kumwita mwongo ndani ya faili lake mwenyewe. Nilitakiwa kuandika alichosema na nilichokiona, vyote viwili. Hilo kosa ni langu, na nitaadhibiwa kwalo. Ila kumtibu si kosa. Hilo silikiri."

Usidhani serikali huwa inalia ikabadilika siku ile ile. Uamuzi ulichukua muda, na chupa haikungoja. Euphrasia alikuwa amepunguza vidonge kidogo kidogo kama alivyoelekezwa, hata hivyo vikaisha, na akarudi chini kama alivyosema. Dunstan akapiga magoti tena na suti yake. Lakini kuna kitu kilikuwa kimehama ndani ya yule mwanamume. Jumapili hiyo alienda kanisani peke yake, na mzee wa kwanza kumsalimia alimuuliza kama mama hajambo.

"Hajambo," Dunstan alisema, halafu hakusogea. "Lakini yuko sakafuni, mzee. Hawezi kuinuka. Daktari wake amefungiwa, na hakuna mwingine anayetaka kumpokea."

Aliwaambia wote, mmoja mmoja, kwenye ngazi za kanisa. Jumatatu akamwambia na balozi, akiwa ameshika usukani. Habari zikasambaa, na wiki ile barua zilianza kwenda kwenye bodi, za wapaka rangi, za wasafisha hoteli, za watu ambao Chelagat alikuwa amewaandikia mbili miaka nenda rudi, na kila mmoja alitaja namba yake ya kweli. Wengine waliitaja kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu.

Leseni ilirudi na masharti. Daktari mwingine akague mafaili yake kwa miaka miwili, wagonjwa waje na chupa zao zihesabiwe, na kila ziara daktari aandike alichokisikia na alichokiona. Daktari Aketch alisema masharti hayo hayana ubaya. Euphrasia alisema yana ubaya mmoja tu, kwamba yamechelewa, na akapanda zile ngazi za Langley Park akisimama kila baada ya hatua chache kupumua. Dirishani Chelagat alimuuliza namba.

"Nane," alisema Euphrasia, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya mwisho. "Andika nane, na uandike ni wao walioikuta saba yangu wakaniongezea moja."

Chelagat aliandika yote.

Usiku wa manane siku ile, dawa ikiwa imeshaingia mwilini na zulia limeshakunjwa, alinunua kadi ya simu akampigia mama yake Kamachumu. Huko kulikuwa kumeshakucha.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama. Na wewe?"

"Mimi sijambo kabisa."

Siku zote hapo mazungumzo yangehamia kwenye kahawa na nani kaoa. Euphrasia hakuyahamisha. Alisikia kuku, na mlango, na pumzi za mama yake, na akaziacha dakika za kadi ziende.

"Mama, umenifungulia mlango, nami nimekaa," alisema. "Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Habari yenyewe."

Euphrasia alisikia kigoda kikivutwa, na mama yake akikaa.

"Ni magoti, waitu, mwanangu," alisema mama. "Tangu mwaka juzi. Kanisani nabebwa kwa baiskeli. Sikutaka kukusumbua huko uliko."

Euphrasia alijishikilia ukutani, akajishusha taratibu mpaka akakaa chini kwa hiari yake.

"Kuanzia sifuri mpaka kumi, mama," alisema. "Na usiniambie mbili."